Maradhi Yasiyoonekana Katika Mabanda ya Kuku

Mnamo Januari 2017 ndege wa mwituni walikutwa wamekufa kando ya Ziwa Victoria, huko Lutembe karibu na Entebbe na katika upande wa Masaka. Uchunguzi wa maabara ulithibitisha kuwa ni homa ya mafua ya ndege. Haikuchukua siku nyingi Kenya ikapiga marufuku kuku na mayai kutoka Uganda, na walinzi wa mpaka wakakabidhiwa kazi ya kulitekeleza agizo hilo. Kabla mwaka huo haujakwisha, vifaranga 6,400 vya siku moja vilivyotoka Kenya vilikamatwa Namanga na kuchomwa moto na wakuu wa Tanzania, nchi ambayo ilikuwa imekataza uingizaji wa vifaranga kwa hoja ya kuzuia homa hiyohiyo.

Tumeyataja matukio hayo mawili si kwa nia ya kuwahukumu majirani. Tunayataja kwa sababu yanadhihirisha jinsi serikali za eneo letu zinavyoyatazama maradhi ya kuku. Maradhi yanayotambuliwa ni yale yauayo kwa kishindo: ndege huanguka, magazeti huandika, mpaka hufungwa, na askari huitwa. Lakini yako maradhi mengine yasiyomwita askari wala mwandishi. Huingia bandani kimya, hukaa miezi, na mara nyingi mfugaji humaliza kundi zima akiuza na kuhesabu hasara bila kujua kwamba kuku wake waliwahi kuugua. Haya ndiyo tunayotaka kuyachambua leo, na twayachambua mbele ya wanajeshi na polisi kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wao na familia zao ni wafugaji. Askari anapokaribia kustaafu, kuku ni miongoni mwa miradi ya mwanzo inayomjia akilini. Pili, wao ndio wasimamao mpakani na kwenye vizuizi vya barabara ambako vifaranga hupita.

Ili tuelewane, yatupasa tuanze na kiungo kidogo ambacho wachinjaji wengi hukitupa pamoja na utumbo. Nyuma ya kuku, juu kidogo ya tundu la haja, kuna kifuko kiitwacho bursa, chenye umbo kama la tunda dogo la mviringo. Mtaalamu wa Padua, Hieronymus Fabricius, alikieleza katika kitabu kilichochapishwa 1621, baada ya kufa kwake, na kwa zaidi ya miaka mia tatu hakuna aliyejua kazi yake. Katika miaka ya 1950 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio huko Marekani, Bruce Glick, aliwaondolea kuku kifuko hicho ili aone kitatokea nini, na hakuona jambo la maana. Mwenzake, Timothy Chang, akawahitaji kuku kwa ajili ya kuwafundisha wanafunzi jinsi mwili unavyotengeneza kinga baada ya kudungwa vijidudu. Akawatumia wale wa Glick. Kinga haikutokea. Hivyo ndivyo ilivyogunduliwa kwamba kifuko kile ndiko zinakokomazwa chembe nyeupe za damu zitengenezazo kinga. Jarida mashuhuri la sayansi liliikataa makala yao, na hatimaye ikachapishwa 1956 katika jarida la wataalamu wa kuku. Hata leo chembe za namna hiyo katika mwili wa binadamu huitwa kwa herufi B, herufi ya kwanza ya jina la kifuko hicho cha kuku.

Mwanajeshi atalielewa jambo hili upesi. Bursa ni chuo cha mafunzo. Kuku anapoanguliwa hana jeshi lake mwenyewe; hulindwa kwa wiki mbili tatu na kinga aliyoachiwa na mama yake katika kiini cha yai. Katika muda huo makuruti hufunzwa ndani ya bursa, kisha hutawanywa mwilini. Adui akikichoma chuo katika wiki hizo za mwanzo, kuku hatakufa siku ile. Atakula, atatembea, atakua. Ila hatakuwa na askari wa kutosha maisha yake yote.

Adui huyo yupo na jina lake ni Gumboro. Gumboro ni mahali katika jimbo la Delaware, Marekani, ambako mnamo 1957 wafugaji wa kuku wa nyama waliona ugonjwa mgeni. Mwaka wa 1962 A. S. Cosgrove akauandika katika jarida la wataalamu. Virusi vya ugonjwa huu hushambulia zile chembe changa zilizomo ndani ya bursa. Kuku wa umri wa wiki tatu hadi sita akiambukizwa, ugonjwa huonekana wazi: hujikunyata, manyoya husimama, huharisha maji meupe, hutetemeka, na baadhi hufa katika siku chache. Ukimpasua siku ya nne utaikuta bursa imevimba mara mbili ya kawaida na imezungukwa na ute wa manjano. Kufikia siku ya nane imenywea hata kubaki kama theluthi moja.

Hiyo ndiyo Gumboro inayojulikana na wafugaji wengi. Gumboro ya hatari zaidi, kwa maoni yetu, ni ile inayomkuta kifaranga kabla hajatimiza wiki tatu, kwa kuwa yeye haonyeshi dalili yoyote. Mwaka wa 1972 watafiti wa Uingereza, Allan, Faragher na Cullen, walionyesha kwamba kuku walioambukizwa Gumboro wakiwa wachanga, kisha wakachanjwa dhidi ya kideri, hawakuipokea chanjo ile sawasawa. Maana yake ni nzito. Mfugaji amenunua chanjo ya kideri, ameihifadhi katika baridi, ameitoa siku iliyoandikwa. Miezi miwili baadaye kideri kinapita na kuku wanakufa. Hapo lawama huangukia chanjo, au duka la dawa, au mke aliyeachiwa banda wakati mume yuko kwenye operesheni. Kumbe chanjo ilikuwa njema. Iliingia katika mwili usiokuwa na askari wa kuipokea.

Wala hasara haiishii kwenye vifo. Huko Ireland ya Kaskazini, mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, wataalamu walilinganisha hesabu za makundi ya kuku wa nyama yaliyokuwa na maambukizo yasiyo na dalili na yale yasiyokuwa nayo. Makundi yenye maambukizo ya siri yalimpatia mwenyewe faida ndogo zaidi, ingawa bandani hakukuonekana ugonjwa. Chakula kiliingia midomoni, lakini nyama haikutoka kwa kadiri ileile. Mfugaji asiyeandika mizani wala hesabu za chakula hawezi kuiona hasara ya namna hii hata ikimkalia miaka kumi.

Tena adui huyu hubadilika. Katikati ya miaka ya 1980, katika eneo lilelile la Delaware na majimbo jirani, zilijitokeza aina mpya za virusi vya Gumboro ambazo hazikuzuiliwa vyema na chanjo za wakati ule. Aina hizo hazikuivimbisha bursa wala kuua kuku kwa wingi. Ziliinyausha tu, upesi na kimya. Karibu na wakati huohuo, Ubelgiji na Uholanzi zikapatwa na aina nyingine iliyo kali mno, iuayo waziwazi, nayo ikaenea hadi Asia na Afrika. Ulimwengu ukaitazama hiyo iliyo kali. Ile ya kimya ikasahauliwa na wengi. Kisha, kuanzia 2017 hivi, wataalamu wa Uchina wakaanza kueleza aina mpya ya kimya, yenye nasaba na ile ya Marekani, iliyokuwa ikinyausha bursa za kuku waliochanjwa. Imeonekana pia Japani, Korea Kusini na Malaysia. Mwaka wa 2023 ikaripotiwa Misri.

Misri ni mbali, mtu atasema. Ni mbali kwa gari. Si mbali kwa biashara ya kuku. Kifaranga cha siku moja hubeba masalio ya kiini tumboni mwake na huweza kukaa hadi saa 72 bila chakula, na hiyo ndiyo sababu husafirishwa ndani ya maboksi kwa ndege kutoka bara moja hadi jingine. Hatudai kwamba aina hiyo imekwisha kufika kwenye Maziwa Makuu. Tunachodai ni kwamba ikifika haitatangazwa na mizoga.

Gumboro haiko peke yake. Uko ugonjwa wa Marek, ambao wafugaji wa Tanzania huuita mahepe, uliopewa jina la József Marek wa Budapest aliyeueleza mwaka wa 1907. Virusi vyake hukaa katika mashina ya manyoya na kutoka pamoja na vumbi la ngozi, hata banda zima likawa ghala la maambukizo. Kuku wa mayai hupooza mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, au huota uvimbe ndani ya ini na viungo vingine, na mara nyingi hayo hutokea wakati anapokaribia kutaga, mwenyewe akiwa amekwisha kumlisha kwa miezi minne au mitano. Chanjo yake ilipatikana mwishoni mwa miaka ya 1960, na ni miongoni mwa chanjo za mwanzo kabisa duniani kukinga dhidi ya saratani. Hutolewa mara kifaranga kinapoanguliwa, au hata ndani ya yai, na zile zilizo bora huhifadhiwa katika hewa ya naitrojeni iliyogandamizwa ikawa maji, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Mfugaji hawezi kuitoa mwenyewe nyumbani. Humlazimu amwamini aliyeangua.

Nayo chanjo hiyo ina tabia ambayo watu wengi hawaijui. Humzuia kuku asife. Haimzuii asiambukizwe wala asieneze. Mwaka wa 2015 Andrew Read na wenzake walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba virusi vilivyo vikali kabisa viliwaua kuku wasiochanjwa upesi mno, kabla hawajavieneza sana, ilhali kuku waliochanjwa waliishi na kuvitoa siku baada ya siku. Kwa hiyo mwenye kuweka kuku waliochanjwa pamoja na wasiochanjwa katika ua mmoja, kama tuonavyo kwenye makazi mengi ya askari, amewaweka wachukuzi na wahanga mahali pamoja. Hii si hoja ya kuacha kuchanja. Ni hoja ya kuchanja wote.

Wa tatu ni ugonjwa wa upungufu wa damu wa kuku, ambao virusi vyake vilitambuliwa Japani na Yuasa na wenzake mwaka wa 1979. Kuku mama akiambukizwa wakati anataga, hukirithisha kifaranga kupitia yai; kifaranga huzaliwa akionekana mzima, na katika wiki ya pili au ya tatu huanza kupauka na kufa. Mama akiwa amekwisha kupata kinga kabla ya kutaga, vifaranga husalimika katika siku za mwanzo, kisha huambukizwa baadaye bila dalili. Virusi hivi navyo huharibu chembe za kinga, na vikikutana na Gumboro au Marek katika mwili mmoja, kila kimoja humfungulia mwenzake mlango.

Yafaa tuseme wazi kwamba maradhi haya matatu hayamdhuru binadamu. Nyama ya kuku iliyopikwa vizuri haina hatari kwa sababu yake. Hatari kwa binadamu inatokana na yale ambayo wafugaji hufanya wasipojua wanapambana na nini. Kuku mwenye kinga dhaifu hupatwa na kila kitu: mafua, kuhara damu, vijidudu vya tumboni vinavyopanda hadi kwenye mapafu. Mfugaji huziona hizo dalili za nje na kununua dawa za kuua bakteria, akazimimina majini wiki baada ya wiki. Dawa hizo haziui virusi hata kimoja. Mwaka wa 2023, Bunge la Uganda lilisikia kutoka kwa Mamlaka ya Taifa ya Dawa kwamba hata dawa za kupunguza makali ya UKIMWI zilikuwa zikitumiwa kwa kuku na nguruwe. Watu wengi waliposikia walicheka au waliwalaani wafugaji. Sisi tuliona katika habari ile dalili ya watu waliokata tamaa mbele ya maradhi wasiyoyafahamu, na tuliona pia wizi: dawa za namna ile hutolewa bure kwa wagonjwa, na anayezipeleka bandani amezinyang'anya kwa mtu.

Sasa turudi kwenye banda. Katika majaribio ya mwaka wa 1967, Benton na wenzake waligundua kwamba virusi vya Gumboro vilibaki na nguvu ya kuambukiza katika banda kwa siku 122 baada ya kuku wagonjwa kuondolewa, na katika maji, chakula na kinyesi kwa siku 52. Mfugaji wa kuku wa nyama na afanye hesabu. Kuku wake hukaa wiki sita hivi. Akiliacha banda tupu kwa wiki mbili, kisha akaleta vifaranga wengine, virusi vya kundi la kwanza vitalikuta kundi la pili, na huenda la tatu. Mbawakawa wadogo weusi waishio katika matandazo nao huvihifadhi kwa wiki kadhaa. Maganda ya kahawa yaliyotandikwa juu ya yale ya zamani ni kama blanketi la kumfunika adui alale vizuri.

Hapa pana jambo ambalo tungependa walinzi wa mipaka na wa milango ya mashamba walielewe. Baada ya kutokea kwa homa ya mafua ya ndege, mashamba mengi yaliweka beseni la maji ya dawa mlangoni, na watu wakazoea kukanyaga na kupita. Virusi vya mafua ya ndege na vya kideri vimevikwa utando wa mafuta, na sabuni huuvunja utando huo. Virusi vya Gumboro na vya upungufu wa damu havina utando. Sabuni ya kawaida haviviui. Huhitaji kwanza kukomba uchafu wote, kuosha, kuacha pakauke, kisha kutumia dawa zenye nguvu kama za iodini, klorini au formalini, tena juu ya mahali palipo safi, kwa maana kinyesi hupunguza nguvu za dawa nyingi. Beseni lenye maji machafu ya jana halimzuii yeyote. Na trei za mayai zinazozunguka kutoka shamba hadi shamba juu ya pikipiki hupita kando ya beseni hilo bila kuguswa.

Juu ya chanjo ya Gumboro yenyewe, ugumu uko katika siku ya kuitoa. Ikitolewa mapema, kinga ya mama iliyomo mwilini mwa kifaranga huiua. Ikicheleweshwa, virusi vya bandani huitangulia. Huko Deventer, Uholanzi, ilitungwa kanuni ya kuikadiria siku hiyo kwa kupima damu ya vifaranga wachache. Kwa mfugaji wetu mdogo kipimo hicho ni adimu, na ndiyo maana hushauriwa kuchanja zaidi ya mara moja, yapata siku ya 14 na tena wiki moja au mbili baadaye, kwa kufuata maagizo ya daktari wa mifugo. Maji ya mfereji yenye klorini huiharibu chanjo. Na chanjo kali kupita kiasi, zikitolewa mahali pasipo na haja, huijeruhi bursa yenyewe. Basi ushauri wa jirani kwamba iliyo kali ndiyo bora si ushauri wa kufuatwa.

Lililo kubwa zaidi, hata hivyo, haliko mikononi mwa mnunuzi wa vifaranga 200. Liko kwa mwenye kuku wazazi na mwenye mashine za kuangulia. Yeye ndiye anayejua kama mama walichanjwa Gumboro na upungufu wa damu kabla ya kutaga, na kama kila kifaranga kilidungwa chanjo ya Marek. Kifaranga aliyetoka kwa mzazi mwenye kinga na yule asiye nayo wanafanana katika boksi: wote ni wa manjano, wote wanalia. Ofisa aliye Mutukula au Malaba hawezi kuwatenga kwa macho, na hapaswi kulaumiwa kwa hilo. Anachoweza ni kudai karatasi. Kibali cha daktari wa mifugo wa wilaya hudaiwa mifugo inaposafirishwa. Lakini kibali hicho kikisema tu kwamba vifaranga ni wazima, hakijasema lolote juu ya mambo tuliyoyaeleza. Tungependa karatasi iandike jina la kiwanda cha kuangulia, tarehe ya kuangua, chanjo walizopewa wazazi na chanjo waliyopewa vifaranga siku ile ya kwanza. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zikikubaliana juu ya karatasi moja ya namna hiyo, ofisa atakuwa na kitu cha kusoma.

Wenye kupitisha vifaranga usiku kwa njia za panya hawatabeba karatasi, hilo twalijua. Wanapokamatwa, tungeshauri kwamba kabla ya kuviteketeza vifaranga daktari wa mifugo aitwe achukue damu na viungo vya vichache kati yao, vipelekwe maabara ya taifa ya magonjwa ya mifugo, ambayo kwa Uganda iko Entebbe. Moto huondoa boksi moja. Hautuambii vilitoka kundi gani wala vilibeba nini, na boksi la pili kutoka kwa mwanguaji yuleyule huenda limekwisha kuuzwa sokoni asubuhi ile.

Mfugaji wa kambini naye anaweza kuanza na kisu chake cha jikoni. Anapochinja kuku wa wiki nne au tano, aitafute bursa. Katika umri huo yapasa iwe kubwa na nene, iliyojaa. Akiikuta ndogo, kavu, iliyonywea, kwa kuku mmoja hadi watano wa kundi lilelile, basi amchukue kuku mmoja aliye hai ampeleke kwa daktari wa mifugo kabla hajanunua chupa nyingine ya dawa.